Kisima cha Wawili Mchangani

Tulipofika chuo cha ushonaji kule Makueni, mimi na rafiki yangu kutoka Migwani tulikuwa na sanduku moja la mbao na ndoto nyingi. Mimi nilishajiona na duka lenye kioo mbele. Yeye alitaka cherehani tu. Tulikua wasichana majirani, tukamaliza shule ya msingi dawati moja, kwa hivyo sikuwaza kama kuna kitu chuoni ambacho hatungegawana.

Uhuru ulitulevya. Hakuna mama wa kukuamsha, na ukitaka kula saa kumi, unakula saa kumi. Halafu tangi la chuo likakauka, ikabidi wote tushuke mtoni. Mto wenyewe ni mchanga mtupu. Unachimba, unangoja maji yajitokeze, unachota polepole kwa kata. Sheria kila mtu aliijua: aliyechimba huchota kwanza, na wa mwisho hufunika kisima kwa matawi ya miiba, punda wasiingie.

Tulichimba chetu wawili, nikakipenda kama nyumba.

Siku moja rafiki yangu akaja na msichana wa chuoni kutoka Zombe, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika mpaka ng'ambo.

"Atachota na sisi," akasema.

"Na chake?"

"Kimeporomoka. Kwani maji ni yako wewe?"

Nikacheka. Moyoni nilikuwa nimewaka. Wiki hiyo wakaanza kupika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, wawili sufuria moja, kwa sababu, ati, mimi mahindi yangu huyatoa jikoni kabla hayajaiva. Ni kweli, lakini alikuwa ameyala miaka mingi bila kulalamika! Jioni walisukana nywele, na mimi nikiwa kitandani nashona tundu la kifungo lile lile mara tatu, nikisikiliza.

"Njoo basi, tukusuke," msichana wa Zombe akaniita.

"Kichwa kinauma," nikasema. Hakikuuma.

Siku iliyofuata nilichelewa mtoni, nikawakuta wameshaondoka. Msichana wa Zombe alikuwa amechota mwisho, na miiba ilikuwa imepangwa vizuri kuliko nilivyowahi kuipanga mimi. Kwenye mchanga niliona nyayo zao, zimeenda pamoja, za rafiki yangu na zake, karibu karibu. Nikaondoa miiba, nikachota, nikaitazama ile miiba pembeni. Sikuirudisha. Sikusahau. Nilisema moyoni, kama ni chao, wakilinde wao.

Asubuhi punda walikuwa wamekivuruga, kinyesi kinaelea, ukingo umebomoka. Wasichana wa bweni wakamgeukia wa Zombe.

"Weee! Si wewe ulichota mwisho jana?"

"Nilifunika mimi."

"Ulifunika na nini, kicheko?"

Wakacheka. Yeye, kwa mara ya kwanza, hakucheka. Rafiki yangu alimtazama kwa shaka kidogo tu, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Hicho ndicho nilichokuwa nikikitaka wiki nzima. Furaha yenyewe haikufika hata dakika. Msichana wa Zombe aliinamisha kichwa, akaanza kuokota kinyesi kwa mikono yake.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuja nyuma yake. Sikufunika."

"Ulisahau?" rafiki yangu akauliza. Niliona anatamani niseme ndiyo.

"Hapana."

Akaniambia polepole, "Kwa hivyo ulitaka nirudi kwako kwa kiu?"

Siku mbili hakusema nami, nami nilichimba kisima kingine peke yangu, juu kidogo, kucha zikavunjika. Siku ya tatu wakaja wote wawili na mitungi yao mgongoni.

"Mwiitu, umechimba kaburi?" akaniita msichana wa Zombe, kwa lile neno la Kikamba tunaloitana sisi wasichana. "Mbona refu hivyo?"

Kwa sheria, mimi ndiye wa kuchota kwanza. Nikampa yeye kata. Nilitumaini rafiki yangu ataona, lakini alikuwa amesimama nyuma ya mwenzake, akimkazia kamba ya mtungi kwenye paji la uso, taratibu, kama alivyozoea kunikazia mimi. Roho ikaniuma tena. Nikashika mchanga uliokuwa ukiporomoka, ili wapate kuchota.