Mwarobaini Uani kwa Mama

Mwarobaini mkubwa wa uani kwetu, Nguvumali, ulianguka Alhamisi saa nne asubuhi. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamekuja watu wanane kunipa pole kana kwamba nimefiwa. Niliwahesabu. Kila mmoja alitikisa kichwa, akasema mti ule ulikuwa dawa ya mtaa mzima, kisha akaondoka na fungu la majani kwapani. Wa tisa hakutaka majani. Alishuka kwenye bajaji na bakora yake, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kisiki, akauliza nani kanipa ruhusa ya kukata mali ya marehemu baba yake.

Huyo alikuwa ami yangu, mdogo wake baba. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba huku akikitazama kisiki, si mimi.

Niliukata kwa sababu ya mkilua. Mama yangu amepita miaka themanini, na kwa muda mwingi wa maisha yake alikuwa akitunga vikuba, vile vishada vya kunukia vya maharusi: vilua vya mkilua, asumini, rehani, langilangi, vyote kutoka uani mwake. Maharusi wa Nguvumali wamevivaa, na wa zile nyumba kubwa za Raskazone pia. Sasa macho yake yamepungua nguvu, lakini vidole vinakumbuka, na pua haijazeeka hata kidogo. Tatizo ni ua wenyewe. Asumini ilikauka kwanza, ukafuata mlangilangi. Rehani tunaipanda kwenye makopo barazani. Ardhini umebaki mkilua mmoja, na huu ni mwaka wa tatu haujatoa ua hata moja.

Kila asubuhi mama hunituma. "Hebu katazame, pengine umefanya kitu." Nikirudi na jibu lilelile, husema, "Haya. Kesho, basi." Hajawahi kusema anataka kushika kilua mara moja tena kabla hajaondoka. Hana haja ya kusema.

Kwa muda mrefu niliamini mkilua umezeeka. Nilipostaafu ualimu nikarudi kuishi naye, nikaanza kuutazama ua kwa utaratibu. Nilinunua daftari, nikachora kila kilichomo. Mwarobaini ulikuwa umeegemea ukuta wa bafu, na ulikuwa umeanza kuupasua. Mkilua ulikuwa hatua tano kutoka hapo. Katikati ya miti hiyo miwili, baada ya masika moja tu, nilihesabu miche sitini na minne ya mwarobaini, mingine haijafika kifundoni. Niliifyeka yote kwa panga, usawa wa ardhi, nikaandika kwenye daftari kwamba kazi imekwisha. Baada ya mwezi kila kishina kilikuwa na machipukizi matatu.

Hapo ndipo nilipochukua jembe nikachimba karibu na mkilua, taratibu, kama mtu anayetafuta pete iliyodondoka. Nilikuta mzizi mnene kama kifundo changu cha mkono. Haukuwa wa mkilua. Niliufuata kwa mkono hatua tano nzima, nao ukanifikisha kwenye mwarobaini.

Najua ninausema vibaya mti ambao watu wanauheshimu. Watoto wa mtaa wetu wakipata tetekuwanga wanaogeshwa maji yake. Mtu mwenye homa huja akachuma bila kubisha hodi, kwa kuwa dawa ya mti hainyimwi mtu, nami sijamnyima yeyote. Lakini mti ule si wa huku. Uliletwa kutoka Bara Hindi, na tangu ulipofika umejipanda wenyewe kwenye kila kiwanja, kila mfereji, kila kaburi lisilofagiwa. Kati ya msikiti na nyumbani kwetu nimeihesabu kumi na saba. Mtu wa Nguvumali hatakosa jani la mwarobaini. Mkilua mwingine sijauona mtaani.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nikamwonyesha ufa wa bafu, akaniandikia ruhusa. Kisha nikamtafuta fundi wa kukata miti kutoka Maramba, mtu mfupi mwenye mabega mapana, ambaye alinitahadharisha mapema kwamba Jumapili haji, ana kwaya kanisani. Alizunguka mti mara mbili.

"Mwalimu, huu ukiukata tu, umeupalilia," alisema. "Lazima tung'oe na kisiki. Ukibakiza mzizi, mwakani utaniita tena, na mimi nitafurahi."

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti barazani. "Wasambaa nyie," alimwambia, "mmemaliza miti ya milimani, sasa mmeshukia ya pwani?"

"Bibi, kule tunakata ya watu. Huku nimeitwa na binti yako."

"Basi kata. Ukikosea ukaugusa mkilua wangu, nitakuoza kwa nguvu hapahapa mtaani, ukome kurudi Maramba."

Fundi alicheka hadi akaweka chini msumeno wake wa chenso.

Shina lilianguka vizuri, upande wa uwazi. Tulipanga kisiki king'olewe kesho yake. Ndipo akaja ami.

Kwa asiye wa pwani, madai yake yanaweza kuonekana kichekesho. Si kichekesho. Huku kwetu ardhi na mti si kitu kimoja. Mtu anaweza kupanda mnazi kwenye shamba la mwenzake kwa ridhaa yake, na mnazi ule ukabaki wake na wa wanawe, hata shamba likibadili mikono. Kwa hiyo ami aliposema kiwanja ni cha kaka yake lakini mwarobaini aliupanda babu, na wa babu ni wa wanawe wote, alikuwa akisema jambo ambalo wazee wa ukoo watalikalia mkeka na kulisikiliza.

"Kisiki kisiguswe," alisema. "Kitachipua. Kina uhai wake, na kina wenyewe."

"Kikichipua, mkilua wa mama unakufa, ami."

"Mkilua ni ua. Huu ni mti."

Kauli hiyo niliiandika siku ileile, neno kwa neno.

Niliingia ndani nikatoa picha ya harusi ya wazazi wangu. Mama amesimama uani, mbele ya ukuta uleule wa bafu, na kidirisha kilekile chenye nondo tatu kinaonekana juu ya bega lake. Hakuna mti. Hakuna hata mche. Na babu, kama ukoo mzima unavyojua, alifariki kabla ya harusi hiyo. Niliiweka mkononi mwa ami.

Aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. "Hii imepigwa upande mwingine."

"Nyumba ina bafu moja, ami."

"Basi aliupanda kaka. Na kaka alikuwa ndugu yangu kabla hajawa baba yako."

"Hakupanda mtu. Popo alikula tunda akaangusha kokwa. Akija kudai urithi, nitamgawia."

Jirani mwingine aliyekuwa anachambua majani kwenye tawi alicheka kisha akajifanya anakohoa. Ami alipiga bakora chini. "Umesoma sana wewe. Ndiyo maana huna adabu."

Mama alisema kutoka kitini, bila kupandisha sauti, "Shemeji, nilipoolewa humu ulikuwa unakuja kuniibia asumini uwapelekee wasichana wa barabara ya saba. Sikukusema kwa kaka yako. Leo niachie mkilua wangu."

Ami aliiweka picha barazani kwa uangalifu, uso juu, akaondoka. Nilidhani tumemshinda. Kumbe alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa. Jioni mwenyekiti alinipigia simu, kwa sauti ya mtu anayetamani angekuwa safarini. Alisema ruhusa yake ilikuwa ya kukata mti, haikutaja kisiki, na kwa kuwa sasa kuna mgogoro wa ukoo, kisiki kisiguswe hadi wanaukoo wakae.

Amri ilinikuta nimeshaanza. Mchana ule, fundi alipokwenda kula, nilichimba mwenyewe mtaro kati ya kisiki na mkilua, nikakata kila mzizi niliokutana nao. Sikungoja fundi wala mwenyekiti, na sitaomba radhi kwa hilo. Upande wa ukuta haujaguswa. Upande wa mkilua, hakuna kinachopita.

Machipukizi ya kwanza yalitokeza wiki ya tatu, mekundu na laini. Nilimpigia mwenyekiti nikamuuliza kama machipukizi ni kisiki. Akasema hilo hajaulizwa. Tangu siku hiyo nayavunja kila asubuhi kwa dole gumba, kabla sijachemsha chai. Ami akipita barabarani namwamkia shikamoo kwa sauti inayosikika nyumba tatu. Huitikia. Juzi alisimama mlangoni, akachungulia, akauliza, "Hakijachipua tu?"

"Kinachipua kila siku, ami," nilimjibu. "Karibu chai."

Hakuingia, lakini hakuondoka haraka pia.

Lipo jambo moja ambalo mama sijamwambia. Siku kumi baada ya mtaro ule, mkilua uliangusha majani yote. Fundi nilimuuliza kwa simu. Alisema inawezekana ndiyo njia yake ya kupumzika, upate kuanza upya. Inawezekana pia kwamba mizizi miwili kati ya niliyokata haikuwa ya mwarobaini. Ndani ya udongo ilikuwa imesukana, na mimi nilikuwa na hasira. Mama bado hunituma, nami nakwenda, nasimama pale, nakwaruza gome kwa ukucha. Upande wa uwazi, chini ya gome, pana kijani. Upande wa mtaro ni kahawia. Kikao cha ukoo kimeahirishwa mara ya pili, na hakuna aliyetaja siku.