Sehemu ya Mwende

Enzi zetu, na tafadhali usicheke, maana najua niko kidato cha tatu na ndevu zangu hazitoshi hata kujaza kiganja, lakini mtu wa miaka kumi na saba pia ako na enzi zake. Zangu ni za darasa la tatu, huko milimani Kangundo, wakati darasa letu lilikuwa na paa la mabati, kuta za matofali na sakafu ya udongo mtupu. Kama ulisoma shule ya namna hiyo, najua umeshaanza kujikuna kidole cha mguu. Funza hasahauliki.

Ushujaa tulikuwa nao, tena wa bure. Ulikaa kwenye kistuli jikoni, mama ameshika pini, ndugu zako wamekuzunguka kama watu waliokuja kuangalia mechi, na ukilia, basi hilo ndilo jina lako mpaka Krismasi. Mama yangu alikuwa akisema, "Lia tu, uone kama huyo funza atakuhurumia." Jino likilegea lilifungwa uzi, uzi ukafungwa kwa mlango, halafu mtu akaingia kwa nguvu kana kwamba hajui. Ukitumwa kuomba chumvi kwa jirani mwenye mbwa mkali, ulienda ukiimba wimbo wa kanisa kwa sauti, mbwa ajue umeokoka. Sisi wavulana tulikuwa na korongo letu, lililochimbwa na mvua nyuma ya shule, na kila siku saa sita mchana lazima uliruke. Ukianguka, isyo yako, ile pure ya mahindi na maharagwe uliyobeba kwa mkebe, uliila ukiwa umesimama, maana kukaa hukuweza.

Mimi sikuwahi kuanguka. Nawaambia hivi nikijua ndugu yangu mdogo atasoma, yeye aliye katika darasa la tatu sasa, na ambaye juzi alipiga nduru eti jogoo amemtazama vibaya. Kizazi cha kubebwa na boda boda hadi langoni. Lakini ngoja, sitamcheka sana leo. Leo nina kesi yangu mwenyewe.

Kila Ijumaa ilikuwa siku ya kupaka sakafu. Kila mtoto alikuja na mtungi wa maji wa lita tano na mkebe wa mavi ya ng'ombe, yakiwa mabichi, na majivu kidogo ya kuua viroboto. Mwalimu wetu, Madam Kalondu, alikuwa amegawa sakafu kwa chaki, kila mtu na kipande chake, na kipande chako ulikipaka kwa mikono yako mpaka kiwe laini kama chapati. Kikikauka vumbi haliinuki, na funza anahama. Mtu asiyeleta mavi alikula viboko viwili na kurudishwa nyumbani kuyatafuta. Ndiyo maana saa kumi na mbili asubuhi ungeona watoto wanafuata ng'ombe kwa nyuma, mkebe mkononi, wanangoja kwa heshima kama watu wa foleni ya posta.

Ijumaa moja nililala. Nilipoamka, ng'ombe wetu alikuwa ameshapelekwa malishoni, na kila alichoacha zizini dada zangu walikuwa wamekizoa. Nikakimbia na mkebe mtupu. Pale kijitoni, mahali punda wa kubeba maji walikuwa wakipumzika, nikaona utajiri. Nikachota. Nilijua kabisa kwamba mavi ya punda hayashiki. Ni nyasi tupu, yakikauka yanainuka kama kigaga. Kila mtoto wa Ukambani anajua hilo kabla hajajua kuhesabu. Lakini kwa akili zangu, Madam angeangalia tu kama mkebe umejaa.

Nilipofika, mikebe ilikuwa imepangwa nje kando ya ukuta, na wenzangu wote wako paredi wanaimba wimbo wa taifa. Wa kwanza kwenye mstari ulikuwa wa Mwende.

Mwende tulikaa dawati moja. Alikuwa mdogo kuliko sisi wote, kimya, analelewa na susu wake, yaani nyanya yake. Alikuwa msichana wa kuomba ruhusa hata ya kupiga chafya. Mkebe wake alikuwa ameufunika kwa jani la mgomba, mambo ya kinyumbani. Hapo nikaogopa kipande changu kitainuka, nikafunua. Nikamwaga ya punda kando, nikahamishia karibu mali yake yote kwangu, nikamjazia ya punda chini, nikatandaza ya ng'ombe kidogo juu, nikarudisha jani. Halafu nikaingia paredi nikiimba kuliko wote.

Wakati wa kupaka, yeye alihisi. Nilimwona akichambua nyasi kwa vidole, uso umemkunjamana. Na mimi, badala ya kunyamaza kama mwizi mwenye adabu, nikapaza sauti:

"Aiee, Mwende! Ng'ombe wa susu amekula ufagio?"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Mwende akainamisha kichwa akaendelea kupaka. Akapaka mara mbili, mara tatu. Nakumbuka mikono yake ilivyokuwa midogo kwenye ule uji wa kijani.

Sasa, juma lililofuata lilikuwa na mambo mawili. Jumatatu, mkaguzi wa shule. Ijumaa, safari ya kwenda kuona bwawa la Masinga, darasa zima ndani ya lori. Safari hiyo Mwende alikuwa ameisema kila siku kwa mwezi mzima, yeye asiyesema. Maji aliyoyajua yalikuwa ya kijito unachoruka bila kukimbia. "Kyalo," aliwahi kuniuliza, "ni kweli ukisimama upande huu mtu wa ng'ambo humwoni?" Susu alikuwa amemshonea mfuko wa kubebea chakula cha siku hiyo, na alikuwa akija nao shuleni ukiwa mtupu, kuuzoesha tu.

Jumatatu mkaguzi akaja, suruali imepigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate. Akaketi kwenye kiti cha Madam. Kiti hicho kilikuwa juu ya kipande cha Mwende. Mguu mmoja wa kiti ukazama, sakafu ikainuka vigaga vigaga, na bwana mkubwa akaenda chini pamoja na kalamu yake. Vumbi lilipotulia alikuwa na rangi ya shule yetu yote. Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Alipoondoka, Madam Kalondu alifunga mlango.

"Sehemu hii ni ya nani?"

Wote tulijua. Hakuna aliyetaka kutaja. Na kabla Madam hajauliza mara ya pili, Mwende alisimama. Magoti yalikuwa yakimtetemeka, niliyaona, yalikuwa kando ya mkono wangu.

"Ni yangu, Madam."

"Uliweka nini hapa?"

"Ya ng'ombe wa susu, Madam. Lakini hii... hii si ya ng'ombe wetu."

"Kwani ni ya ng'ombe wa mkaguzi?"

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumfurahisha mwalimu. Mwende hakukaa. Alisema tena, polepole, machozi yakishuka lakini sauti haikukatika, "Nilileta ya ng'ombe, Madam. Sidanganyi."

Madam akatutazama sisi wengine. Hakuwa mtu mbaya, nadhani alitaka kumwamini. "Kuna mtu anajua kitu? Asimame sasa."

Mimi, bingwa wa korongo, mtolewa funza bila chozi, niliangalia dawati. Mtu fulani alikuwa amechora gari juu yake kwa wembe. Ninaweza kulichora hilo gari hata leo, magurudumu yake matatu na yote.

"Basi," alisema Madam. "Anayeaibisha shule haendi Masinga."

Nilikuwa na siku nne. Jumanne nilijiambia nitasema Jumatano. Jumatano mvua ilinyesha, nikaona si siku nzuri ya kukiri. Alhamisi nilifika hadi mlango wa ofisi ya walimu, nikabisha, Madam akafungua.

"Unataka nini, Kyalo?"

"Chaki, Madam."

Akanipa mbili.

Ijumaa tulipanda lori tukiimba. Mwende alikuwa amekuja, amevaa sare, mtungi kwa mkono huu na mkebe kwa mkono ule. Alikuwa ameambiwa apake upya kipande chake wakati sisi tumeenda. Lori lilipoanza kutembea, alitupungia mkono. Wengine waliondoka nyumbani bila kupungiwa hata na ndugu zao, lakini yeye alitupungia sisi wote, mimi nikiwemo.

Bwawa nililiona. Ni kweli, mtu wa ng'ambo humwoni. Maji yalikuwa mengi mpaka watoto walinyamaza, na darasa letu kunyamaza ilikuwa muujiza. Walingoja niseme la kuchekesha. Sikuwa nalo.

Jumatatu alinikuta dawatini. Hakuwa amenuna. Aliniuliza, "Kyalo, ni makubwa vile wanasema?"

"Wapi," nikamwambia. "Ni kidimbwi tu. Hujakosa kitu."

"Kweli?"

"Kweli."

Akafikiri kidogo, akasema, "Haya," akafungua daftari. Nilidhani nimemfanyia wema. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba bwawa lile nilimnyima mara mbili.

Siku hizi shule yetu imewekwa sementi. Ndugu yangu hajui kungoja ng'ombe, hajui jani la mgomba, na Ijumaa kwake ni siku ya kwenda nyumbani mapema. Funza wamehama na harufu ile ya sakafu mbichi imehama nao, na mimi, mtu mzima wa miaka kumi na saba, naipenda kuliko marashi. Tunapenda kusema watoto wa siku hizi ni waoga. Mimi husema sana, hasa mezani nikiwa na watu wa kunisikia. Kisha nakumbuka kwamba katika darasa letu la watoto hamsini, pamoja na sisi waruka korongo, shujaa alikuwa mmoja, na hakuwahi kuliruka.

Likizo hii ya Desemba nilikutana naye sokoni Kangundo. Anasoma shule ya bweni ya wasichana, amerefuka, anamsaidia susu kuuza parachichi.

"Sasa, Kyalo! Bado unachekesha watu?"

"Poa. Sasa hivi nachekesha walimu tu, watu walichoka."

Akacheka. Nilikuwa nayo mdomoni, nawaapia. Neno lenyewe ni fupi: ni mimi. Hapakuwa na kiboko, hapakuwa na Madam, hapakuwa na lori la kuachwa nalo. Nilichoogopa ni kwamba angeacha kucheka. Kwa hivyo nikasema jambo lingine la kipuzi kuhusu parachichi na kichwa cha mwalimu wetu mkuu, akacheka tena, susu akamwita washike gunia, akaenda.

Zamani zile mtoto wa miaka minane alisimama mbele ya darasa zima, magoti yakimtetemeka, akasema sidanganyi. Leo nimekuwa mrefu mpaka nainama nikiingia mlango wa lile darasa, na bado nimekaa.