Unauza au Unauza?

Ruphin, Mkongo wa Likasi, alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache ndiyo yaliyomponza. Alikuwa mlinzi wa mtaa kule Observatory, Afrika Kusini, kwenye nyumba za mteremkoni, na majirani walimjua kwa kofia yake kuliko kwa jina. Akisalimiwa alikohoa kwanza, ndipo akaitika.

Kitu kimoja tu kilimfungua mdomo: lori kuukuu lililokaa uani kwa Mama Thabo. Mama Thabo, jina lake Melania, ni Mtanzania wa Morogoro, mjane wa mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyeishi uhamishoni Tanzania, kisha akarudi kwao na familia yake. Marehemu alilinunua lori hilo kwenye shamba la mahindi, akisema atalitengeneza akistaafu. Alistaafu, akafa, lori likabaki. Lilikuwa la pua ndefu, taa zimetokeza kama macho ya chura, na mlangoni jina la shamba limeandikwa kwa Kiafrikana, nusu ya herufi zimeliwa na jua.

Baba yake Ruphin aliendesha lori la namna hiyo huko Likasi, na Ruphin alikulia chini ya boneti yake. Kwa hiyo asubuhi akitoka zamu alipita kwa Mama Thabo, akafagia ua, kisha akafungua boneti akachokonoa. Mama Thabo alimwacha. Anayekufagilia bure humfukuzi. Moyoni Ruphin alikuwa na jambo moja: lori lile likitembea, ataacha ulinzi, atabeba mboga kutoka soko kuu hadi Yeoville, mtaa jirani wa Wakongo wenzake, na watu watamwita kwa jina.

Siku aliyopata ujasiri alikohoa mara mbili.

"Mama, miye niko nataka kuuza hii kamio yako."

Sasa tusimame hapa kidogo. Kwao Ruphin, kuuza ni kununua. Anayetoa pesa ndiye anauza. Anayetoa bidhaa anauzisha. Ndivyo mama yake alivyosema, ndivyo soko zima la Likasi linavyosema. Ruphin alikuwa anaomba kulinunua lori. Lakini Mama Thabo alisikia kwa masikio ya Morogoro.

"Uza, mwanangu. Linanijazia ua bure."

"Bei ngapi, Mama?"

"Mimi najua nini habari za magari? Pima wewe. Bei ya haki tu, usinipunje."

Ruphin alitoka pale miguu haigusi chini. Kuachiwa upime bei ya kitu utakachokilipia mwenyewe ni heshima, tena ni mzigo. Alianza kwa watu wa vyuma chakavu, ambao hupima gari kwa kilo kama mifupa. Bei yao aliisikia akaondoka bila kuaga. Kisha akamwendea Hénock, fundi wa gereji Yeoville, wakakaa juu ya matairi wakapiga hesabu. Radieta inavuja. Mbao za nyuma zimeoza. Breki hakuna. Lakini chesisi imenyooka, na injini inawaka kwa hendeli. Lingekuwa zima lingefika hapa. Toa gharama za kulitengeneza, linabaki pale.

"Elfu ishirini," Hénock akasema. "Na hapo umemfurahisha."

"Na injini?"

"Injini umeifufua wewe. Utalipia jasho lako mwenyewe?"

"Injini ni yake. Miye niligusa tu."

Hénock akacheka. "Mtu hawi mzani na nyama kwa siku moja, Ruphin. Utajikata."

Akajikata kweli. Alisimama kwenye randi elfu thelathini, karibu akiba yake yote, akampelekea Mama Thabo zimefungwa kwenye mfuko wa mkate. Mama Thabo alihesabu, akatua, akahesabu tena. Halafu akachomoa noti ya mia mbili.

"Na hii yako, ya udalali."

Neno hilo Ruphin hakulijua. Kwao mnunuzi akishalipa, mwenye mali humrudishia kidogo juu, huitwa matabishi. Akaipokea kwa mikono miwili. Karatasi hawakuandikiana. Watu wanaosalimiana kila asubuhi wataandikiana nini?

Akaanza kazi mchana peupe. Alitia radieta nyingine, akaweka mbao mpya, na waliopita nje ya ukuta walimsikia akiimba. Mama Thabo alidhani dalali wake anamtengenezea mnunuzi.

Ndipo Thabo akaja. Thabo ni mwanawe wa pekee, ana ofisi Sandton kwa matajiri, na alikuwa amepata mteja, Steve, anayefungua mgahawa na anataka lori la shamba la zamani, kwa elfu themanini. Aliona miguu ya mtu imetokeza chini ya lori.

"Mama, huyu nani?"

"Dalali wangu. Lori limeshauzwa, mwenye nalo ndiye hajaja."

"Mwenye nalo nani?"

Ruphin akatoka chini, uso umejaa grisi. Akakohoa. "Ni miye."

Thabo alicheka kabla ya kukasirika. "Dalali kamwuzia dalali. Bei kapanga nani? Dalali."

Jumapili baada ya ibada watu walijaa uani. Hénock alikuja kumsemea mwenzake, akamleta Murielle, msusi wa Yeoville, ambaye Kiswahili cha kila kabila kimepita kwenye kiti chake. Murielle akaeleza yale ya kuuza na kuuzisha, taratibu, kama anayefumua nywele zilizofungamana. Kisha akamgeukia mwenye lori.

"Na wewe Mama Thabo unajua. Ulikaa kwangu, mteja akasema anataka kuuza mafuta ya nywele, nikampa, akalipa. Ulicheka ukashika mbavu. Nikakueleza."

Mama Thabo akanyoosha khanga yake. "Mimi mzee. Nasahau."

"Haijafika hata Pasaka mbili."

"Na hata nisingesahau. Kiswahili kina wenyewe. Kuuza ni kuuza. Mtu akija kwangu na Kiswahili cha kuokota, asinilaumu kwa kilichomo."

Thabo, ambaye Kiswahili alikiacha utotoni, alikirudia siku hiyo. "Eish, Ruphin. Wewe unauza, au unauza?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Hata Hénock alitazama chini, mabega yanamtikisika.

Ruphin alisubiri wanyamaze. Alikuwa na swali moja tu.

"Bei ilikuwa mbaya, Mama?"

"Nzuri mno," Mama Thabo akasema. "Nilijiuliza, huyo mnunuzi ni mjinga wa wapi?"

Akaingia ndani, akatoka na ule mfuko wa mkate. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hesabu."

"Na radieta? Na mbao?" Murielle akauliza.

"Alitumwa na nani?" Thabo akajibu.

Siku Steve alipokuja na trela, hakuna aliyeweza kuliwasha lori. Wakamwita Ruphin. Alikuja, mlinzi akiitwa huja. Akaingiza hendeli, akazungusha, injini ikakohoa kama yeye mwenyewe, ikashika. Akalipandisha kwenye trela bila kugusa ukingo. Steve alikuwa ameziba pua. Akasema jambo kwa Kiingereza, na Thabo akalifasiri kwa raha zake: injini itang'olewa kwa sababu ya moshi, na mbao mpya zitatolewa, maana mteja alizipenda zilizooza. Ndani ya boneti watapanda maua.

Ruphin akatoa ile noti ya mia mbili, akamnyooshea Mama Thabo.

"Kaa nayo," Mama Thabo akasema. "Si uliuza?"

Trela ikateremka kilima, ikasimama kwenye robot, zile taa za barabarani, ikapotea.

Tangu hapo Yeoville hawamwiti tena kwa kofia wala kwa jina. Watoto wa Kikongo waliozaliwa hapa, ambao Kiswahili hawakisemi, wanajua maneno yale matatu ya kumwitia: unauza au unauza. Ruphin bado ni mlinzi. Akienda dukani haombi kitu kwa mdomo. Anauelekezea mkate kidole, anaweka pesa juu ya meza, anangoja. Mwenye kiduka hicho cha spaza, Mhabeshi mgeni wa mtaa, anaamini ni bubu, na kwa huruma humpunguzia bei.