Asilimia Mia ya Mtu Mwingine

Wanafunzi ndio waliompa jina la Bi Miwani. Alikuwa fundi mkuu wa maabara ya kemia katika chuo kikuu, mwaka wa ishirini na mbili kazini, na hakuna aliyekanyaga maabara yake bila miwani ya kukinga macho. "Hayo macho makavu kawaoneshe nyumbani kwenu," aliwaambia mlangoni. "Humu ndani tunavaa."

Kila mwaka chuo kiliwataka wafanyakazi wote, kuanzia walinzi wa getini hadi maprofesa, wapitie mafunzo kwenye kompyuta. Mengine yalikuwa ya kupendekezwa tu, na hayo watu waliyapita kama hawakuyaona. Ya lazima yaliandikwa kwa rangi nyekundu: usalama wa maabara, unyanyasaji kazini, kutunza siri za wanafunzi. Ukichelewa, ujumbe ulikufuata kila asubuhi, na nakala ikaenda kwa mkuu wa idara.

Mhadhiri mmoja mkongwe ndiye aliyeanza. Alimkuta Bi Miwani ofisini, mikono imejaa karatasi za mitihani, akamwomba amjibie yale ya maabara. "Wewe yote unayajua, mama. Mimi nitapoteza siku nzima." Bi Miwani akamjibia, akamaliza kwa dakika ishirini. Mwaka uliofuata wakaja watatu. Mwaka wa tatu wakafika sita, na maneno yao ya siri akayaandika kwenye kikaratasi alichokificha ndani ya droo.

Hakuona kama ni udanganyifu. Aliona ni msaada, kama kumshikia mlango mtu aliyebeba mzigo. Na tuseme ukweli, alisikia raha. Watu wenye shahada tatu walikuja kwake yeye wa stashahada, wakaketi kwenye kigoda chake na kumbembeleza.

Wa sita alikuwa mhadhiri kijana, mgeni kazini, mtu wa adabu zake.

"Shikamoo mama. Na mimi nisaidie, nimeelemewa."

"Marahaba. Lakini wewe ni mgeni, mwanangu. Ungesoma hata mara moja tu."

"Nitasoma likizo. Wewe nibonyezee."

Akambonyezea, huku akitafuna biskuti. Cheti kikatoka: asilimia mia.

Miezi miwili baadaye, saa nne asubuhi, Bi Miwani alikuwa stoo akifungua maboksi ya chupa mpya aliposikia kioo kikipasuka. Akasonya. Mwanafunzi kavunja kitu tena. Kisha akasikia ukelele, na sauti ya mhadhiri kijana: "Magadi! Magadi yako wapi?"

Alikimbia. Binti wa mwaka wa pili alikuwa amesimama kando ya meza, mkono kaunyoosha mbali na mwili wake kana kwamba si wake. Tindikali ilikuwa imemmwagikia kuanzia kiganjani. Mhadhiri alikuwa ameshapata magadi, anampaka unga ule na kuusugua kwa taulo. Bomba la dharura lilikuwa hatua kumi kutoka pale.

Bi Miwani hakuuliza kitu. Alimkamata binti mabegani, akamsukuma hadi chini ya bomba, akavuta mnyororo. Maji yakawamwagikia wote wawili.

"Usiutoe mkono, mwanangu. Lia upendavyo, lakini usiutoe."

Walikaa pale dakika ishirini kwa saa ya ukutani, mpaka maji yakatambaa kwenye ukumbi. Mhadhiri alibaki na taulo mkononi. "Mimi nilijua tindikali inauawa na magadi," alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza.

Ikimwagika mezani, ndiyo. Kwenye ngozi ni maji kwanza, mengi, tena haraka. Hilo lilikuwa swali la saba katika yale mafunzo. Bi Miwani alilikumbuka vizuri, kwa sababu ni yeye aliyelijibu.

Binti alilazwa siku tano. Mkono ulipona, lakini ukabaki na kovu kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko.

Chuo kikaunda kamati ya watu watatu. Bi Miwani aliitwa aeleze kama chupa zilikuwa na lebo. Zilikuwa nazo. Mbele ya mwenyekiti palikuwa na cheti cha mhadhiri kijana, na kwa sababu ya karatasi ile kamati ilikwisha kuamua: mwalimu alikuwa amefunzwa barabara, kwa hiyo kosa ni la mwanafunzi, aliyeshika chupa vibaya na asifuate maelekezo. Barua yake ya onyo ingetoka Ijumaa.

"Una la kuongeza?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana," akasema Bi Miwani.

Nyumbani jioni hiyo alisukuma sahani. Mumewe, dereva wa malori aliyestaafu, hakugundua. Aliyegundua ni wifi yake, mshonaji nguo, ambaye hakuwahi kuacha jambo lipite.

"Wifi, leo umemeza nini? Hata mimi hujanichokoza."

Akawaeleza yote, mpaka lile neno moja alilolisema mbele ya kamati. Mumewe akaweka kijiko chini.

"Ukisema utawatia matatani watu sita, na wewe wa saba. Umebakiza miaka minne ustaafu, mama."

"Na huyo binti kabakiza mingapi?" wifi akauliza.

Baadaye, akikusanya vyombo, mumewe alisema taratibu, "Nimesema vile kama mumeo. Ningekuwa baba wa yule mtoto, ningesema lingine."

Kesho yake Bi Miwani alianzia ofisini kwa mhadhiri kijana. "Nakwenda kusema, mwanangu. Sikutaka uyasikie kwa watu."

Kijana akamsihi. "Nipe mwezi mmoja tu, mama. Mwezi ujao nathibitishwa kazini."

"Barua ya binti inatoka Ijumaa."

"Basi watanifukuza."

"Labda. Na mimi labda."

Bi Miwani akamwomba waende pamoja. Kijana akageukia dirishani. Bi Miwani akaenda peke yake, kile kikaratasi kikiwa mkobani, akakiweka mezani mbele ya kamati na kueleza kila jina na kila mwaka. Alipomaliza, mwenyekiti alikohoa na kuanza kupanga kalamu zake upya. Siku za baadaye ilikuja kujulikana kwamba mafunzo yake mwenyewe yalikuwa yakifanywa na katibu muhtasi wake.

Barua ya binti haikutoka. Bi Miwani alipewa onyo la maandishi na kuvuliwa ukuu wa maabara kwa mwaka mmoja. Mhadhiri kijana alisimamishwa kufundisha kwa muhula mzima, na aliporudi alimsalimia kwa kichwa tu. Mkongwe, yule wa kwanza, hakumsalimia kabisa. Idara nzima ilirudia mafunzo, safari hii ndani ya maabara, kila mtu akivuta mnyororo wa bomba kwa mkono wake mwenyewe. Kwa kuwa alikuwa na onyo, aliyepewa kazi ya kufundisha ni fundi mwingine, mdogo kwake kwa miaka mingi. Bi Miwani aliketi na wenzake kama mwanafunzi, akaloa kama wengine.

Binti alirudi akiwa amevaa mikono mirefu. Bi Miwani alimwita stoo akamweleza kwa kinywa chake mwenyewe, bila kupunguza.

"Kwa nini hukusema siku ile ile ya kwanza?" binti akauliza.

"Niliogopa."

Binti aliushusha mkono wa shati lake hadi vidoleni. Hakusema amesamehe, wala Bi Miwani hakuomba kuambiwa hivyo. Binti aliomba tu ahamishiwe meza ya karibu na dirisha, mbali na kabati la tindikali, akahamishwa.

Wiki nyingi zilipita wanafunzi wengine wakimpimia tindikali. Kisha, katika somo moja la alasiri, binti alikunja mkono wa shati, kovu likaonekana na darasa zima, akaiomba chupa ya tindikali. Bi Miwani alisogea hadi mezani pake, akaifunga mikono yake nyuma ili asije akamnyang'anya, akamwacha amimine.