Sentimita 110 zilizopotea kwa Milimita

Saa moja na nusu asubuhi, Milimita amepiga magoti koridoni, futikamba mkononi, anapima ukuta alioupima mara sita tayari. Shangazi yake ameketi pale pale kwenye kiti cha mbao, mgongo ukutani, anashona kifungo cha blauzi.

"Shangazi, nisogezee kiti."

"Upande huu si umeshaupima?"

"Nimeupima. Haujamaliza kunijibu."

Shangazi hasogei. Anang'ata uzi, anaendelea na kifungo chake.

Jina la Milimita alipewa na mafundi wenzake, kwa kuwa akibandika vigae hakubali hata unywele upite. Kazi hiyo ndiyo iliyomlipia karo miaka mitano, hadi akahitimu usanifu majengo. Tangu hapo ameandika barua za maombi ishirini na tatu. Ofisi moja tu ndiyo imemwita, na usaili huo, wa kwanza maishani mwake, ni Jumatatu saa tatu. Sharti ni moja: aende na ramani ya nyumba anayoishi, aliyoipima kwa mkono wake.

"Nilicheka," anasema. "Nikajua hapa nimepata mteremko."

Nyumba yenyewe ilijengwa na babu yake, fundi mwashi. Kwa nje ina urefu wa mita 12.40. Ndani, ukijumlisha vyumba vyote na unene wa kuta zote, unapata 11.30.

"Sentimita mia na kumi. Hilo si kosa la mkono," anasema, sauti ikishuka. "Hapo kinaingia kitanda chembamba."

Rafiki aliyesoma naye alimpa ujanja: tofauti aigawe kwenye kuta nane, kila moja inenepe kidogo, nani atakuja kushika futi? Milimita alikaribia kukubali. Kazi anaitaka mpaka usingizi umempaa. Lakini kalamu ilipofika kwenye ukuta wa kwanza, aliiweka chini.

"Kwenye vigae, ukidanganya mwanzo wa chumba, mlangoni vinakuumbua. Nitamwangaliaje mtu machoni nimwambie nimepima?"

Basi akarudia njia anayoijua. Fundi vigae hukagua kazi kwa kugonga na mpini wa mwiko. Penye uwazi chini, kigae hulia tofauti. Juzi alianzia mwisho wa korido. Aligonga mara mbili, akasogea, akagonga tena, hadi sauti ikabadilika nyuma ya kiti cha Shangazi. Kwa chaki akafuata sauti ile, juu, kushoto, chini. Alipomaliza, ukutani palikuwa na umbo la mlango.

Aliweka kiganja katikati. Jua halifiki koridoni, na asubuhi ile kulikuwa na baridi. Hapo ukuta ulikuwa na joto, kama shuka ambalo mtu ametoka kulalia. Anakiri kwamba aliogopa.

Shangazi aliitazama ile chaki, akasema.

"Chumba cha dada yangu. Nilikuwa na miaka saba. Asubuhi tuliambiwa ametoroka. Jioni babu yako alikuwa ameshaziba mlango."

"Hakuna aliyeangalia ndani?"

"Babu yako hakuwa mtu wa kuulizwa." Kisha akaongeza: "Gonga utakavyo, mwanangu, ila usigonge mara tatu. Dada alikuwa akigonga hivyo akitaka kufunguliwa. Usiku ule nilimsikia. Nikajifunika shuka."

Tangu siku ile, miaka hamsini na nne sasa, kiti hakijaondoka hapo.

Ramani imekamilika. Kati ya chumba cha Shangazi na stoo kuna nafasi nyeupe ya sentimita 110, na upande wa korido mlango umechorwa kwa mistari ya vitone, alama ya kitu kilichopo ambacho hakionekani. Milimita anaishika mbele yake koridoni, amevaa blauzi ya usaili yenye kifungo kipya, na Shangazi anajifanya bosi.

"Binti, hapa umeacha wazi. Ndani kuna nini?"

"Sijui, mheshimiwa. Sijaingia. Nimechora nilichopima."

"Na wakikunyima kazi kwa jibu hilo?"

"Wakininyima wameninyima. Chumba kipo."

Shangazi anacheka kidogo, kicheko kinakatika. Anauliza swali ambalo bosi hawezi kuliuliza: akiipata kazi, atafanya nini kwanza?

"Nitaufungua huu mlango," anasema Milimita. "Nikishindwa kuipata nitaufungua vilevile, jioni ya Jumatatu hiyo hiyo. Lakini sitaanza na nyundo, Shangazi. Nitaanza kwa kugonga mara tatu."

Shangazi haangalii ukuta. Anainuka taratibu, anakishika kiti kwa mikono miwili na kukivuta hadi upande wa pili wa korido. Kisha anaketi, uso ukiuelekea mlango.