Sarafu Niliyorudishiwa Si Yangu

"Dada, si simba hao hapo, miguu juu?" fundi saa aliniambia, akiipindua sarafu kutoka juu kwenda chini, kama chapati kwenye kikaango. Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia. Mtoto mgongoni alishtushwa na sauti yangu.

"Usinigeuzie kama chapati. Geuza kama ukurasa wa kitabu."

Hakugeuza. Nikaigeuza mwenyewe. Simba wakasimama wima, kama simba wa shilingi mia mbili yoyote ya Tanzania hii.

Yangu haikuwa hivyo. Niliipata Muleba kwenye chenji ya ebitoke, ndizi zetu za kupika. Ukiigeuza kama ukurasa, upande mmoja kichwa cha kiongozi kimekaa sawa, upande wa pili simba wako miguu juu. Ni kosa la kiwandani. Tena sikioni mwa simba mmoja palikuwa na mstari mwembamba, unausikia kwa ukucha. Mkwaruzo huingia ndani. Ule ulikuwa umetuna, maana mhuri wa kiwandani uliochapa sarafu ulikuwa na ufa. Mkusanyaji mmoja wa sarafu zenye kasoro, wa Mwanza, aliniahidi cherehani kwa sarafu hiyo, ila alitaka kwanza picha za karibu. Ndiyo maana nikapanda basi hadi Bukoba kwa huyu fundi mwenye lenzi.

Aliingia nayo nyuma ya pazia. Mwanga wote uko mlangoni, pazia la nini? Nilikuwa naviona viatu vyake chini ya kitambaa, vimetulia tuli, na sikusikia simu ikipiga picha hata moja. Alipotoka akanirudishia hii.

"Labda nyumbani ulikuwa unaigeuza vibaya," alisema sasa. "Nyie kina mama mna haraka."

"Na mstari wa sikioni, nao niliuona kwa haraka?"

Akaanza kufuta saa iliyokuwa safi.

Nikaenda polisi. Askari wa kaunta alicheka, akatoa mia mbili mfukoni mwake. "Chukua hii mama, kesi iishe. Mtoto ana usingizi."

Niliigeuza mbele ya macho yake. "Afande, simba wako wamesimama. Wangu hawasimami. Andika."

Nilimsimamia mpaka akaandika hivi:

"Mlalamikaji hadai shilingi mia mbili. Anadai sarafu yake mwenyewe, yenye simba walio miguu juu, mmoja akiwa na mstari uliotuna sikioni. Alimkabidhi fundi saa, akarudishiwa nyingine. Anaomba kibanda kipekuliwe leo, kabla sarafu haijasafiri."