Kibandiko cha Hapana Mbili

Tjitske hakuwa na ugomvi na karatasi. Ugomvi wake ulikuwa na baiskeli ya mumewe. Kila Jumatano vipeperushi vya maduka vilipoporomoka kwenye tundu la barua mlangoni, mzee Wobbe alivitandaza mezani, akachagua kitu cha bei ya chee, akavaa koti na kutoka na baiskeli. Zamani alirudi na jibini. Sasa akili ilikuwa imeanza kumtoka kidogo kidogo, na majuzi polisi walimrudisha akiwa amelowa hadi kiunoni, katumbukia mferejini. Tangu hapo Tjitske alikuwa roho juu kutwa.

Manispaa hutoa vibandiko bure. Kipo cha HAPANA NDIYO, kinachokataa matangazo na kuruhusu gazeti la mtaa, na kipo cha HAPANA HAPANA. Gazeti nalo limejaa matangazo tele, na Tjitske si mtu wa kufanya mambo nusunusu. Akabandika chenye hapana mbili kwenye tundu la barua.

Jumatano ikaja kimya. Wobbe alishinda akiranda kati ya dirisha na mlango.

"Leo siku gani?"

"Jumatano, mzee wangu."

"Acha kunizuga, mama. Ingekuwa Jumatano ningeisikia inaanguka pale."

Alhamisi akauliza tena, Ijumaa vilevile. Jumapili aligoma kwenda kanisani, eti Jumatano bado haijapita. Pipa la taka alilitoa, akalirudisha, akalitoa tena. Tjitske naye hakutulia. Alikunja nguo zilizokwisha kukunjwa, akafunga mlango kwa ufunguo na kuutia mfukoni, halafu akajichukia kwa kumfungia mumewe ndani.

Jumatatu aliusahau ufunguo mlangoni, akapanda juu kutandika kitanda. Aliposhuka, mlango ulikuwa wazi. Baiskeli ipo, mtu hayupo. Alikimbilia mferejini kwanza, na viatu vya ndani miguuni, akachungulia yale maji meusi mpaka macho yakamuuma. Kisha akasikia jirani yake, Jelmer, akimwita kutoka dirishani.

Wobbe alikuwa jikoni kwa Jelmer, vipeperushi vya wiki iliyopita vimemzunguka.

"Kapiga kengele," Jelmer alisema kwa sauti ya chini. "Ananiuliza kama najua mmehamia wapi."

"Nani kahama, Wobbe?"

Wobbe alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa karani wa serikali. "Wenye nyumba ile, bibi. Haiingii hata karatasi moja. Mke wangu nadhani katangulia, ila mimi hakuniambia."

Tjitske alikuwa tayari kuogopa maji, magari na baridi. Hili hakulitegemea, kwamba angemwondoa mtu nyumbani kwake kwa mkono wake mwenyewe huku akidhani anamzuia asitoke.

Alimrudisha nyumbani, akachemsha maji, akakibandua kile kibandiko kwa kitambaa na kucha mpaka kucha zikauma.

Jumatano vipeperushi vilianguka kwa kishindo. Wobbe akavipangua, akaona rangi ya mbao imeshushwa bei, akachukua koti lake.

"Jumatano hii, Tjitske," alisema.

Tjitske alikuwa ameshatoa baiskeli yake mwenyewe nje. Hofu haikuwa imemtoka hata chembe.

"Tangulia," alimwambia. "Niko nyuma yako."